Mwenye Mali Haazimwi Mali Yake

Katika somo la semantiki, yaani taaluma ya maana za maneno, nina desturi ya kuwapa wanafunzi wangu kila muhula neno moja ambalo watu wawili wanalivutania, ili waone wenyewe kwamba neno si kibandiko tu cha kubandikwa juu ya kitu, bali laweza kuwa hati ya kumilikisha au ya kunyang'anya. Muhula huu neno nililowapa lilikuwa "kuazima", na mfano nilioutoa ni ule mgogoro mkongwe baina ya Ugiriki na Uingereza kuhusu sanamu za hekalu la Parthenon. Niliwaeleza kwamba Wagiriki wanazidai sanamu hizo zilizoko London, na kwamba wadhamini wa jumba la British Museum husema wako tayari kufikiria ombi la kuziazima, mradi mwombaji akubali kwanza kwamba ni mali ya jumba hilo.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, msichana asiye na mazoea ya kusema sana, akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "ikiwa Waingereza wako tayari kuziazima, Wagiriki wanakataa nini? Si sanamu zitafika kwao, watu wazione?"

Darasa likaangua kicheko, maana walimwona amekwisha kuwashinda Wagiriki kwa pigo moja. Mimi sikucheka. Niliona kuwa swali lile ndilo kiini cha mgogoro wote, na jibu nililolitoa siku ile halikuniridhisha. Makala haya ni jibu langu, ijapokuwa limechelewa, nami nalitoa mbele ya walimu na wanafunzi wote wanaosoma ukurasa huu, kwa kuwa jambo lenyewe halitakomea Ugiriki.

Msomaji ambaye hajakifuata kisa hiki na anivumilie nikisimulie kwa ufupi. Parthenon ni hekalu lililojengwa juu ya kilima cha mawe kiitwacho Akropolis, katikati ya mji wa Athens, kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, zama za kiongozi Pericles. Lilijengwa kwa marumaru na kuwekwa wakfu kwa Athena, mungu wa kike aliyekuwa mlinzi wa mji huo. Mchongaji Pheidias ndiye aliyesimamia mapambo yake. Nyuma ya nguzo za nje, juu kabisa ya jengo, palizungushwa ukanda wa michongo wenye urefu wa mita 160 hivi, ukionyesha maandamano ya sikukuu: vijana juu ya farasi, wazee, wasichana waliobeba vyombo vya ibada, na ng'ombe wanaopelekwa kutolewa sadaka. Kwa nje palikuwa na vibao 92 vya mawe vilivyochongwa visa vya vita, na katika pembetatu mbili za paa, mbele na nyuma, zilisimama sanamu kubwa za miungu.

Hekalu hilo limeona mengi. Liligeuzwa kanisa, kisha likawa msikiti baada ya dola ya Uthmaniya kuutwaa mji katika karne ya 15. Mwaka 1687 Waveneti waliuzingira mji, na kombora lao likaiangukia baruti ambayo askari wa Uthmaniya walikuwa wameiweka ndani ya hekalu. Jengo likapasuka katikati. Kwa hivyo Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Sultani tangu mwaka 1799, alipolifikia, lilikuwa tayari ni gofu. Lakini gofu lenye michongo mingi iliyokuwa bado imeshikamana na kuta zake.

Kuanzia mwaka 1801 mafundi wa Elgin, wakisimamiwa na mchoraji Mwitaliano Giovanni Battista Lusieri, walianza kuishusha. Mawe ya ule ukanda yalipokuwa mazito mno kusafirishwa, yalikatwa kwa msumeno sehemu ya nyuma, ikachukuliwa sura ya mbele yenye mchongo. Merikebu moja iliyobeba baadhi ya makasha, jina lake Mentor, ilizama mwaka 1802 karibu na kisiwa cha Kythera, na wapiga mbizi wakatumwa kuyatoa baharini. Mwisho wa yote Elgin aliishiwa. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilimnunulia mkusanyiko wake kwa pauni 35,000, chini ya nusu ya gharama alizosema amezitumia, likaukabidhi British Museum. Humo hadi leo kuna mita 75 hivi za ule ukanda, vibao 15, na sanamu 17 za pembetatu za paa. Takriban nusu ya michongo yote iliyosalia duniani iko London. Sehemu kubwa ya iliyobaki iko Athens. Wagiriki wenyewe hawakuulizwa neno. Walikuwa raia wa Sultani, na vita vyao vya uhuru havikuanza hadi mwaka 1821.

Nimeziona pande zote mbili. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya uzamifu huko Uingereza, nilizoea kwenda British Museum siku za Jumamosi, kwa kuwa hapana kiingilio na mle ndani mna joto. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipokiona kile kichwa cha farasi wa mungu wa mwezi, kinywa wazi, mishipa imemtoka kwa uchovu wa safari ya usiku kucha, nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Siwezi kusema kwamba zimewekwa vibaya. Miaka michache baadaye mkutano wa wanaisimu ulinipeleka Athens. Huko mwaka 2009 lilifunguliwa jumba jipya la makumbusho chini ya Akropolis, na ghorofa yake ya juu imezungushiwa vioo, hata mtu asimamapo mbele ya michongo analiona hekalu lenyewe kule kilimani. Ukanda umepangwa kwa mfuatano wake wa asili. Mawe yaliyobaki Athens yana rangi ya asali; yaliyoko London yamejazwa kwa nakala za plasta, nyeupe kama chokaa. Unatembea ukifuata maandamano: farasi wa asali, farasi wa chokaa, farasi wa asali tena. Mungu wa bahari, Poseidon, kiwiliwili chake kimegawanywa: sehemu ya mbele iko Athens na mabega yako London. Sijui ni hoja gani ya kitaalamu iwezayo kumridhisha mtu aliyesimama mbele ya kifua hicho.

Walakini, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hoja za Waingereza si za kipuuzi, na mwalimu anayewaficha wanafunzi wake hoja za upande wa pili hafundishi, anahubiri. Na tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya uhalali. Inasemwa kwamba Elgin alipata ruhusa ya dola iliyokuwa ikitawala. Hapa mwanaisimu hana budi kutega sikio, kwa sababu ushahidi wenyewe ni maneno tu. Hati ya asili iliyoandikwa kwa Kituruki haijaonekana. Kilichopo ni tafsiri ya Kiitaliano, na mwaka 2024, katika kikao cha UNESCO mjini Paris, mjumbe wa Uturuki alisema kwamba nchi yake haijui hati yoyote iliyohalalisha uchukuzi huo. Lakini hata tukiipokea tafsiri hiyo kama ilivyo, inasema nini? Inawaruhusu mafundi kuchora, kuchukua vielelezo kwa plasta, kufukua, na kuchukua vipande kadhaa vya mawe vyenye maandishi au michongo. Vipande kadhaa! Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba ukimruhusu jirani achume maembe kadhaa shambani mwako, hujamruhusu aje na shoka. Neno "kadhaa" limenyooshwa hapa mpaka likaweza kufunika nusu ya hekalu.

Hoja ya pili ni ya uokozi: kwamba lau Elgin asingalizichukua, sanamu zingaliharibika. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Michongo iliyobaki kwenye jengo iliendelea kupigwa na mvua na kuliwa na moshi wa mji, na ile ya upande wa magharibi wa ukanda haikuteremshwa kuwekwa ndani hadi mwaka 1993. Lakini London nako hakukuwa peponi. Katika miaka ya 1937 na 1938 baadhi ya sanamu zilisuguliwa kwa vyombo vya chuma ili zing'ae kwa weupe, weupe ambao Wagiriki wa kale hawakuukusudia, maana wao walizipaka rangi. Na mwaka 2023 British Museum lilitangaza kwamba vitu kama 2,000 katika ghala zake vilikuwa vimeibwa, kupotea au kuharibiwa, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Silitaji jambo hili kwa kejeli. Wizi hutokea popote. Ila anayejisifu kuwa mlinzi hupimwa kwa ulinzi wake. Isitoshe, hata uokozi uliokamilika hauzai umiliki. Nyumba ya jirani ikishika moto nawe ukauokoa mlango wake wa nakshi, utashukuriwa, na pengine utalipwa fidia ya mikono yako iliyoungua. Jirani akishajenga nyumba mpya na kuja kuuliza mlango wake, huwezi kumjibu kwamba umekwisha kuuzoea.

Hoja ya tatu ndiyo yenye mvuto zaidi kwa wasomi: kwamba sanaa kubwa ni ya wanadamu wote, na jumba kubwa mjini London huwawezesha watu wa mataifa yote kuzitazama tamaduni za ulimwengu pamoja, bila malipo. Mimi mwenyewe nimefaidika na ukarimu huo na sitaukana. Lakini kwa mwanafunzi wangu wa Nairobi, kutolipishwa mlangoni ni faraja ndogo, kwani mlango wa kwanza ni viza na wa pili ni nauli. Na kuna jambo jingine ambalo taaluma yangu yanilazimu kulisema. Sisi wanaisimu huzungumza sana juu ya maneno ya mkopo. Hili neno letu "marumaru" limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kwa Wagiriki wenyewe. Basi Waswahili, Waarabu na Wagiriki wote wanalo neno moja, na hakuna aliyebaki mikono mitupu. Huo ndio utamaduni wa wanadamu wote kwa maana yake ya kweli: unachukua, na mwenzako anabaki nacho. Jiwe haliko hivyo. Ukilichukua jiwe, linabaki pengo ukutani. Kwa hivyo anayesema kuwa Parthenon ni ya ulimwengu mzima amesema kweli, na ulimwengu mzima unayo tayari katika vitabu, picha na nakala za plasta. Linalobishaniwa ni nani abaki na nakala na nani abaki na jiwe.

Hoja ya nne ni ya sheria. Sheria ya British Museum ya mwaka 1963 inawakataza wadhamini kutoa vitu vya mkusanyiko isipokuwa katika hali chache sana. Kwa hiyo, husema, tungependa lakini mikono yetu imefungwa. Ni kweli mikono ya wadhamini imefungwa. Lakini nani aliyeifunga? Ni Bunge, lile lile lililozinunua sanamu hizo kwa sheria ya mwaka 1816. Bunge lililotunga laweza kutangua. Sheria ya 1816 yenyewe ina kinaya kikubwa: iliagiza kwamba mkusanyiko ule uhifadhiwe pamoja, ukiwa mzima, bila kutawanywa, na uitwe kwa jina la Elgin. Waliona vibaya kuutawanya mkusanyiko wa bwana mmoja aliyeukusanya kwa miaka michache. Hawakuona vibaya kulitawanya hekalu lililokuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 2,000.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye swali la yule mwanafunzi. Kwa nini Wagiriki wasiazime tu, yakaisha?

Kiswahili kina utajiri ambao wakati mwingine hatuutambui. Tunasema "kukopa" kwa kitu kama fedha au sukari, kitakachotumika kikaisha na kulipwa kwa mfano wake. Tunasema "kuazima" kwa kitu kitakachorudi chenyewe: jembe, kiti, kitabu. Hivyo anayeazima hutamka mambo mawili hata kama hakuyasema kwa kinywa. La kwanza, kwamba kitu si chake. La pili, kwamba atakirudisha. Serikali ya Ugiriki ikiweka sahihi chini ya mkataba wa kuazima, itakuwa imetamka yote mawili kwa maandishi: kwamba sanamu zile ni za London, na kwamba siku fulani zitafungwa tena ndani ya makasha na kuondoka Athens kwa mara ya pili, safari hii kwa idhini ya Wagiriki wenyewe. Dai walilolishikilia tangu zama za Melina Mercouri, yule mwigizaji aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni akalifikisha mbele ya mataifa mwaka 1982, wangalikuwa wameliua kwa kalamu yao.

Mtu atasema kwamba huo ni ukaidi wa maneno tu. Basi na tutazame tabia ya wanaozishika sanamu. Kama neno ni upuuzi, kwa nini wao nao hawaliachi? Mwaka 2014 sanamu moja, ya mungu wa mto Ilissos, ilitolewa London kwa mara ya kwanza tangu Elgin aziingize humo, ikaazimwa kwa jumba la Hermitage, huko St Petersburg, Urusi. Warusi waliiazima bila taabu, kwa sababu Warusi hawakuwahi kusema ni yao. Wa pekee wanaoshindwa kuazima ni wale wanaosema ni yao. Ni kana kwamba kila mtu kijijini aweza kukuazima ng'ombe huyo, isipokuwa yule aliyepotelewa naye.

Wengine wametafuta neno jingine. Mwaka 2023 Vatikani ilivitoa vipande vitatu vya Parthenon vilivyokuwa katika makumbusho yake. Hayati Papa Francis alivitoa kwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi mjini Athens, na neno lililotumiwa lilikuwa "zawadi". Vipande vilifika, Wagiriki wakavipokea kwa furaha, na mimi sina la kulaumu. Lakini angalieni jinsi neno lilivyochaguliwa. Anayetoa zawadi hutoa chake. Zawadi hufuta deni bila kukiri kwamba deni lilikuwapo. Ni neno la heshima linalomwezesha mtoaji kutembea kichwa juu. Nalo, tofauti na kuazima, humwachia mpokeaji kitu chake daima. Wagiriki wenyewe nao wameteua neno kwa makini. Hupenda kusema "kuunganishwa tena" kwa sanamu, kuliko "kurudishwa", kwa sababu neno la kwanza linazungumza juu ya mwili uliokatwa, ilhali la pili linamtafuta mwizi. Mwaka 2023 waziri mkuu wao, Kyriakos Mitsotakis, akihojiwa na BBC, aliufananisha mgawanyo huo na kuikata nusu picha ya Mona Lisa. Mwenzake wa Uingereza wakati huo, Rishi Sunak, akaufuta mkutano wao. Mkutano wa mawaziri wakuu wawili ulivunjika kwa sababu ya tashbihi! Nani tena atasema kwamba haya ni maneno tu?

Kwa maoni yangu lipo neno moja ambalo lingefaa kuliko yote hayo, na la ajabu ni kwamba lilitamkwa, kwa maana yake, ndani ya Bunge la Uingereza lenyewe. Katika mjadala wa mwaka 1816 mbunge Hugh Hammersley alipendekeza kwamba Uingereza izishike sanamu zile hadi siku mji wa Athens, chini ya mtawala wake wa wakati ule au yeyote atakayekuja, utakapozidai. Pendekezo lake halikufaulu, na ununuzi ukapita kwa kura 82 dhidi ya 30. Waswahili tungemwelewa Hammersley mara moja, kwa kuwa alilolieleza ni amana. Mwenye kushika amana haibi na wala haazimi. Anahifadhi, tena kwa heshima, na watu humsifu kwa uaminifu wake. Lakini sifa hiyo ina sharti moja: mwenyewe akija, apewe. Lau pendekezo lile lingalipita, British Museum lingalikuwa leo ndilo lenye sifa kubwa kuliko majumba yote ya aina yake duniani, na miaka mia mbili ya uhifadhi ingalihesabiwa kuwa fadhila. Nafasi hiyo bado ipo. Bunge laweza kulitamka neno la Hammersley hata sasa. Amana iliyochelewa kurudishwa si sawa na amana iliyoliwa.

Msomaji wa Kenya aweza kuuliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu neno hilo hilo la kuazima laja kubisha mlangoni petu. Mwaka 2024 vito vya dhahabu vya Waasante, vilivyochukuliwa na majeshi ya Uingereza, vilionyeshwa Kumasi, Ghana, lakini vilifika huko kwa kuazimwa, kwa muda uliowekwa. Nasi tunayo yetu. Ngoma takatifu ya Wapokomo, ngadji, iliyokuwa ishara ya mamlaka yao kando ya mto Tana, ilichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na imo katika ghala za British Museum lile lile. Utafiti ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika majumba ya nje. Vingine vilinunuliwa kwa haki, vingine havikununuliwa. Siku tutakapoambiwa, "Njooni mwazime," hapana budi tuwe tumekwisha kufikiri maana ya kitenzi hicho, tusije tukatia sahihi kwa furaha ya kuiona ngoma.

Wala tusijifanye malaika. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao wanazosimamishiwa wazee waliofariki, havikuibwa na mabalozi. Vingi viliibwa na vijana wetu na kuuzwa na wafanyabiashara wetu kwa watalii, vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Vilivyorudi, kama vile 30 vilivyotoka katika jumba moja la Denver mwaka 2019, vilirudi kwa sababu watu wa nje walisukumwa na dhamiri. Swali ambalo Waingereza huwauliza Wagiriki, kwamba mtaviweka wapi na mtavitunza vipi, litakuwa letu pia. Wagiriki walilijibu kwa kujenga. Sisi tutalijibu kwa nini?

Lakini zipo fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, ambazo zilirejeshwa Kenya mwaka 2006 na jamaa ya afisa wa Kiingereza aliyemuua. Jamaa hiyo haikusema kwamba inatuazima. Ilirudisha. Imekuwa rahisi kwa jamaa moja kufanya lile linalolishinda jumba lenye wadhamini, mawakili na sheria.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mjadala huu utumieni darasani, lakini msiwape wanafunzi hoja za "naunga" na "napinga" pekee. Wapeni maneno: kuazima, kuzawadia, kurejesha, kuweka amana. Waulizeni kila neno linamtaja nani kuwa mwenye mali. Mtaona jinsi watakavyoanza kusoma upya hata mikataba ya mashamba ya babu zao.

Nawe, binti yangu uliyeuliza, jibu lako ni hili. Umesema kweli kwamba sanamu zingefika. Zingefika, watu wangezitazama, wangepiga picha. Lakini zingefika zikiwa wageni nyumbani kwao, na mwenye nyumba angekuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ndivyo zilivyo. Wagiriki wamengoja zaidi ya miaka mia mbili. Wanaona afadhali wangoje zaidi huku dai lao likiwa hai, kuliko kuzipokea sanamu kesho kwa bei hiyo. Darasa lilikucheka, lakini mimi ningependa ulirudie swali lako mbele yao wiki ijayo, tuone ni nani atakayecheka.